Kutoka Disketi hadi Laini ya Simu: Historia ya Vitisho vya Usalama wa Kompyuta na Mgawanyo wa Wajibu wa Kujilinda

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya vitisho vya kawaida vya usalama wa kompyuta, tangu kirusi cha Brain cha mwaka 1986 hadi utapeli wa fedha kwa njia ya simu unaowakabili watumiaji wa Afrika Mashariki leo. Swali linaloongoza mjadala ni hili: katika kipindi hicho chote, ni nani aliyebebeshwa wajibu wa kumlinda mtumiaji, na ni kinga zipi zilizopunguza madhara kwa kweli? Hoja inayotetewa ni kwamba, ingawa mtumiaji ndiye aliyelaumiwa zaidi, mabadiliko yenye matokeo makubwa yalitokea pale watengenezaji wa mifumo walipobadilisha namna mifumo hiyo inavyofanya kazi kabla mtumiaji hajagusa chochote. Hata hivyo, makala yanaonesha pia kwamba ubunifu bora hauondoi udanganyifu, na kwa hiyo yanabainisha sehemu ndogo lakini ya lazima ambayo hubaki mikononi mwa mtumiaji.

1.0 Utangulizi

Mtu anapotapeliwa mtandaoni, swali la kwanza analoulizwa na jamaa zake kwa kawaida ni kwa nini alibonyeza, kwa nini alitaja namba ya siri au kwa nini alituma fedha. Swali hilo linaanza na mtumiaji na aghalabu huishia hapohapo. Ni mara chache kuulizwa kwa nini mfumo uliruhusu kosa dogo la dakika moja lizae hasara ya akiba ya miaka mingi.

Namna hii ya kuuliza ina historia yake. Tangu kompyuta zilipoanza kuunganishwa, mafunzo ya usalama yameelekezwa zaidi kwenye tabia ya mtumiaji: asifungue kiambatisho asichokijua, abadilishe nywila mara kwa mara, awe mwangalifu. Ushauri huo si mbaya wote. Tatizo ni kwamba umerudiwa mno bila kupimwa kwa mizani ya matukio yenyewe. Makala haya yanajaribu kufanya upimaji huo kwa kufuata matukio machache yaliyothibitishwa vizuri, na kuangalia katika kila moja ni mlango upi uliotumiwa, nani aliuacha wazi, na nani hatimaye aliufunga.

2.0 Msingi wa Nadharia

Uchambuzi huu unaongozwa na kanuni zilizowekwa na Jerome Saltzer na Michael Schroeder wa Marekani mwaka 1975, katika makala yao kuhusu ulinzi wa taarifa ndani ya mifumo ya kompyuta. Miongoni mwa kanuni nane walizozieleza, mbili zinahusika hapa moja kwa moja. Ya kwanza inadai kwamba mfumo, usipoelekezwa vinginevyo, uzuie badala ya kuruhusu. Ya pili inadai kwamba njia ya usalama iwe rahisi kwa binadamu kuitumia, ili aifuate kwa mazoea bila kulazimika kuwa mtaalamu.

Katika makala haya, istilahi “mpangilio wa awali” inatumika kwa maana ya hali ambayo kifaa au programu hutoka nayo kwa mtengenezaji kabla mtumiaji hajabadilisha chochote. Mpangilio huo ni uamuzi wa mtengenezaji. Watumiaji wengi hawaubadilishi kamwe, na ndiyo maana nguvu yake katika historia ya usalama ni kubwa kuliko inavyodhaniwa.

3.0 Awamu ya Disketi na Mitandao ya Vyuo, 1986–1989

Kirusi cha Brain kilichoanza kuenea mwaka 1986 kiliandikwa mjini Lahore, Pakistani, na ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi. Kilijiweka katika sehemu ya disketi ambayo kompyuta huisoma kwanza inapowashwa, kisha kikahamia katika disketi nyingine. Jambo la kushangaza kwa msomaji wa leo ni kwamba ndani yake waliweka majina yao, anwani na namba za simu. Ndugu hao walieleza kuwa nia yao ilikuwa kufuatilia nakala zisizo halali za programu yao ya tiba. Uwazi huo unaonesha kwamba, katika awamu hiyo, mpaka kati ya mzaha, ulinzi wa haki na uhalifu ulikuwa bado haujachorwa.

Tukio lililochora mpaka huo lilitokea tarehe 2 Novemba 1988. Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia mtandaoni programu ya aina ya mnyoo, yaani programu inayojinakili na kusafiri yenyewe bila kubebwa na faili la mtu. Inakadiriwa kuwa kompyuta 6,000 kati ya takribani 60,000 zilizokuwa zimeunganishwa wakati huo ziliathirika. Mnyoo huo ulikusudiwa kuepuka kompyuta zilizokwisha kuambukizwa, lakini Morris aliuelekeza ujinakili hata hivyo mara moja katika kila mara saba. Kiwango hicho kilizidi uwezo wa mashine, nazo zikaelemewa.

Njia zilizotumiwa na mnyoo wa Morris zina somo kwa hoja yetu. Moja ilikuwa mlango wa majaribio katika programu ya kusafirisha barua pepe, mlango ambao mafundi waliutumia wakati wa kuiunda programu na ambao katika mifumo mingi uliachwa wazi. Nyingine ilikuwa kukisia nywila kwa kutumia jina la mtumiaji mwenyewe na orodha ya maneno 432. Hivyo, katika tukio moja tunaona makosa ya aina mbili yakiwa bega kwa bega: mtumiaji aliyechagua nywila dhaifu na mtengenezaji aliyeacha mlango wazi. Morris alihukumiwa kifungo cha nje cha miaka 3, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Aidha, tukio hilo lilizaa kituo cha kwanza cha kuratibu majanga ya kompyuta, kilichoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon.

Mwaka uliofuata ulileta kitisho cha aina tofauti. Mnamo Desemba 1989, takribani disketi 20,000 zilitumwa kwa posta kwa wasomaji wa jarida la kompyuta na kwa watu waliowahi kuhudhuria mkutano wa kimataifa kuhusu UKIMWI. Disketi hizo zilidai kuwa na programu ya kupima hatari ya mtu kuambukizwa. Programu ilihesabu idadi ya mara kompyuta ilivyowashwa. Ilipofika mara 90, ilificha saraka, ikavuruga majina ya mafaili na kumtaka mwenye kompyuta atume dola 189 kwa sanduku la posta nchini Panama. Aliyeshtakiwa ni Joseph Popp, mwanabiolojia wa Marekani aliyewahi kufanya utafiti wa nyani nchini Kenya. Kesi yake nchini Uingereza haikufikia hukumu kwa kuwa alionekana hana afya ya akili ya kumwezesha kujibu mashtaka.

Tukio hili ndilo mzazi wa programu za kudai kikombozi tunazozijua leo, na mbinu yake haikuwa ya kiufundi hasa. Ilijengwa juu ya hofu ya ugonjwa na imani ya watu kwa bahasha iliyofika kwa njia rasmi. Karatasi iliyoambatana na disketi ilikuwa na masharti yaliyoonya kwamba programu ingeweza kuathiri programu nyingine iwapo malipo hayangefanyika. Onyo liliandikwa, lakini halikumlinda mtu. Huu ni ushahidi wa mapema kwamba kumpa mtumiaji maandishi ya kusoma si sawa na kumlinda.

4.0 Awamu ya Barua Pepe na Mpangilio wa Awali, 2000–2011

Tarehe 4 Mei 2000, ujumbe wenye kichwa “ILOVEYOU” ulianza kuenea kutoka Manila, Ufilipino. Ulikuwa na kiambatisho kilichoonekana kama barua ya mapenzi. Aliyekifungua aliendesha programu iliyoharibu mafaili yake na kujituma kwa watu wote waliokuwa katika kitabu chake cha anwani. Ndani ya muda mfupi mamilioni ya kompyuta ziliathirika duniani, na Bunge la Uingereza lililazimika kuzima mfumo wake wa barua pepe.

Simulizi iliyozoeleka inasema kwamba watu walidanganywa na neno tamu. Hiyo ni nusu ya ukweli. Jina kamili la faili lilikuwa na viambishi viwili vya mwisho: cha kwanza kilionesha kuwa ni maandishi ya kawaida, na cha pili kilionesha kuwa ni programu. Kwa mpangilio wa awali, Windows ilificha kiambishi cha mwisho. Kwa hiyo mtumiaji makini aliyefuata ushauri wa kuangalia aina ya faili kabla ya kulifungua aliona maandishi, kwa sababu ndivyo mfumo ulivyomwonesha. Aidha, mashine iliendesha programu iliyoletwa na barua bila kizuizi cha maana. Mtumiaji alilaumiwa kwa kutoona kitu alichofichwa.

Mwandishi wa kirusi hicho, Onel de Guzman, alikuwa mwanafunzi wa kompyuta ambaye pendekezo lake la tasnifu kuhusu kuiba nywila za intaneti lilikuwa limekataliwa na chuo chake. Mashtaka dhidi yake yalifutwa kwa kuwa Ufilipino haikuwa na sheria iliyokataza kitendo hicho. Sheria ilipitishwa mwezi Juni mwaka huohuo, lakini haikuweza kurudi nyuma. Mwaka 2020 ilifahamika kwamba alikiri kwa mwandishi wa habari kuwa ndiye aliyekiandika.

Miaka iliyofuata ilidhihirisha nguvu ya mpangilio wa awali kwa namna mbili. Mwezi Januari 2002, Bill Gates aliwaandikia wafanyakazi wa Microsoft akiwataka watangulize usalama mbele ya kuongeza vipengele vipya. Mwezi Agosti 2003, mnyoo wa Blaster ulienea kupitia kasoro ambayo marekebisho yake yalikuwa yametolewa mwezi mmoja kabla. Mwaka mmoja baadaye, mwezi Agosti 2004, Microsoft ilitoa toleo la marekebisho ya Windows XP ambalo ngome yake ya mtandao, yaani programu inayozuia mawasiliano yasiyoombwa, ilikuwa imewashwa tangu mwanzo. Ngome ilikuwapo hata kabla ya hapo, ila ilikuwa imezimwa na ilimsubiri mtumiaji aitafute.

Mfano wa pili ni wa flashi. Kwa miaka mingi Windows iliweza kuendesha programu iliyomo ndani ya kifaa mara tu kinapochomekwa. Mnyoo wa Conficker, uliogunduliwa mwezi Novemba 2008, ulikuwa miongoni mwa programu hasidi zilizotumia mwanya huo. Katika mazingira ya Afrika Mashariki, ambako nyaya za baharini za SEACOM, TEAMS na EASSy zilianza kazi kati ya mwaka 2009 na 2010, flashi ilikuwa njia kuu ya kuhamisha kazi kutoka nyumbani kwenda kwenye duka la kuchapisha, ofisini au chuoni. Kumwambia mwanafunzi asichomeke flashi yake katika kompyuta ya mtu mwingine kulikuwa sawa na kumwambia asichapishe tasnifu. Mwezi Februari 2011 Microsoft ilisambaza marekebisho yaliyozima tabia hiyo kwa flashi katika matoleo ya zamani. Mlango ulifungwa bila mtumiaji kufundishwa jambo jipya.

5.0 Kikombozi na Swali la Masasisho, 2017

Tarehe 12 Mei 2017, programu ya WannaCry iliziingia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi takribani 150, ikayafunga mafaili kwa usimbaji na kudai kikombozi cha dola 300 kwa sarafu ya Bitcoin. Ilitumia mbinu iliyoundwa na Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani na kisha kuvuja. Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho mwezi Machi. Nchini Uingereza, ripoti ya mkaguzi wa taifa ilionesha kuwa angalau taasisi 81 kati ya 236 zinazoendesha huduma za afya za umma England ziliathirika, na kwamba hatua za kawaida za usalama zingeweza kuzuia madhara.

Kwa juu juu, tukio hili linapinga hoja ya makala haya, kwa kuwa mtengenezaji alikuwa ametimiza wajibu wake na mtumiaji ndiye aliyechelewa. Lakini ni muhimu kutofautisha watumiaji. Muuguzi aliyekuta skrini imefungwa hakuwa na mamlaka ya kusasisha mashine ya hospitali. Waliokuwa nayo ni wasimamizi wa taasisi, waliopaswa kupima gharama ya kusimamisha mashine dhidi ya hatari ya kuziacha. Neno “mtumiaji”, likitumiwa bila kubainishwa, huficha ngazi hizi za mamlaka na kumwachia lawama aliye chini kabisa.

6.0 Awamu ya Simu na Fedha katika Afrika Mashariki

M-Pesa ilizinduliwa nchini Kenya mwezi Machi 2007 na nchini Tanzania mwaka 2008. Kuanzia hapo, kwa wananchi wengi, simu ya mkononi imekuwa benki kabla kompyuta haijafika nyumbani. Kwa hiyo historia ya vitisho katika eneo hili haikufuata hatua zilezile za Ulaya na Marekani. Tapeli hakuhitaji kirusi. Alihitaji ujumbe mfupi na laini ya simu.

Ujumbe unaojulikana zaidi nchini Tanzania ni ule unaomtaka mpokeaji atume “ile hela” kwa namba nyingine. Nguvu yake imo katika neno “ile”. Tapeli hajui kama mpokeaji anadaiwa kodi, ada au mchango wa harusi, lakini anajua kwamba miongoni mwa maelfu wanaopokea ujumbe, wapo wanaosubiri maelekezo ya malipo siku hiyohiyo. Mbinu ni ileile ya disketi za mwaka 1989: kutumia shughuli halali ya mtu kama daraja. Nchini Kenya, mbinu ya jamaa yake ni ujumbe bandia wa kupokea fedha, unaofuatwa na simu ya mtu anayelia kwamba ametuma kimakosa na kuomba arudishiwe.

Watoa huduma walijibu kwa ubunifu. Jina la mpokeaji lilianza kuoneshwa kabla muamala haujakamilika. Nchini Kenya huduma hiyo hujulikana kama Hakikisha. Hiyo ni kinga inayolingana na kanuni ya pili ya Saltzer na Schroeder, kwa kuwa inampa mtumiaji taarifa sahihi wakati anapoihitaji. Lakini matapeli nao walijifunza. Jumbe mpya zikaanza kutaja jina litakalotokea: tuma kwa namba hii, jina litakuja fulani. Kinga iliyokusudiwa kuzua shaka ikageuzwa kuwa uthibitisho. Hapa ndipo mpaka wa ubunifu unapoonekana wazi: mfumo unaweza kuonesha jina la kweli, lakini hauwezi kujua kama mtumaji ana sababu ya kweli ya kumlipa mwenye jina hilo.

Serikali ya Tanzania ilichukua njia ya kumtambua mwenye laini. Usajili kwa alama za vidole uliounganishwa na kitambulisho cha taifa ulipewa ukomo wa tarehe 31 Desemba 2019, ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Mtumiaji alipewa pia uwezo wa kuhakiki kwa kupiga *106# ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, na wa kupeleka namba ya tapeli kwa namba 15040. Hata hivyo, usajili hufanywa na watu. Mteja anayeombwa na msajili asiye mwaminifu aweke kidole mara ya pili kwa madai kwamba cha kwanza hakikusomeka anaweza kuondoka akiwa amesajili laini mbili, moja yake na nyingine asiyoijua.

Sheria nazo zilifuata: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, sheria ya Kenya kuhusu makosa ya kompyuta ya mwaka 2018, na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi za Kenya mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Sheria za awali zililenga zaidi kumwadhibu mkosaji, na zilipingwa na watetezi wa haki kwa vifungu vyake kuhusu taarifa za uongo. Sheria za ulinzi wa taarifa zinaleta jambo jipya kwa hoja yetu: zinamtaka anayehifadhi taarifa za mtu naye awajibike. Huo ni mwanzo wa kuhamisha sehemu ya mzigo kwenda kwa mwenye uwezo wa kuubeba.

7.0 Mjadala: Kilichobaki Mikononi mwa Mtumiaji

Historia hii inataka ushauri wa usalama upunguzwe na upimwe. Ushahidi wa hatari ya ushauri usiopimwa ni ule wa nywila. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliwafanya waajiri wengi duniani kudai nywila zenye alama za ajabu na zinazobadilishwa mara kwa mara. Mwaka 2017 taasisi hiyohiyo iliachana na sharti la kubadilisha bila sababu, na Bill Burr, aliyeandika mwongozo wa awali, alisema hadharani kwamba alijutia sehemu kubwa yake. Kwa zaidi ya miaka 10 watumiaji walibebeshwa kazi iliyowafanya waongeze tarakimu moja mwishoni mwa nywila ileile.

Yanayobaki, kwa mujibu wa matukio yaliyochambuliwa, ni machache. Mnyoo wa Morris unafundisha nywila ndefu isiyokisika, na tofauti kwa kila huduma. Blaster na WannaCry zinafundisha kuruhusu masasisho yajifanye yenyewe. Disketi za mwaka 1989 na WannaCry zinafundisha kuweka nakala ya kazi muhimu mahali pasipounganishwa na kompyuta. Mtafiti mwenye nakala ya pili ya tasnifu yake hana sababu ya kulipa kikombozi. Utapeli wa “ile hela” unafundisha kumpigia anayedaiwa kutuma ujumbe kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si kwa namba iliyokuja na ujumbe. Na kwa kuwa laini inaweza kuhamishiwa kwa mtu mwingine kwa hila, namba ya siri na msimbo wa uthibitisho havitajwi kwa yeyote, hata anayejitambulisha kuwa mhudumu wa kampuni.

Mambo haya yana sifa moja: kila moja linaweza kufanywa na mtu asiye mtaalamu, tena aliyechoka. Ushauri unaodai umakini usiokoma haukidhi sifa hiyo, kwa kuwa tapeli huchagua saa na mtumiaji hachagui.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba, kuanzia mlango wa majaribio wa mwaka 1988, kiambishi kilichofichwa cha mwaka 2000 hadi flashi iliyojiendesha, madhara makubwa yalitokana na maamuzi yaliyofanywa mbali na mtumiaji, na yalipungua pale maamuzi hayo yalipobadilishwa. Vilevile yameonesha kwamba udanganyifu wa mtu kwa mtu hauzibwi wote kwa ubunifu, kama inavyothibitishwa na hatima ya jina la mpokeaji katika miamala ya simu.

Kwa watafiti, matokeo haya yanapendekeza kwamba uchunguzi wa tukio lolote la utapeli wa mtandaoni usiishie kwa aliyetapeliwa, bali ufuate mnyororo mzima: aliyesajili laini, aliyevujisha taarifa, aliyebuni hatua za muamala na aliyekuwa na mamlaka ya kuusimamisha. Mwathirika aliyetuma fedha ni kiungo cha mwisho cha mnyororo huo. Kumwanzia yeye na kuishia kwake ni kuacha viungo vingine vyote vikiwa kama vilivyokuwa, vikimsubiri mwingine.